Nipe Kiganja, Siyo Kifundo

Siku yangu ya kwanza kazini nilimsalimia mgonjwa bila kumwona. Nilikuwa mhudumu mpya katika zahanati moja ndogo upande wa Mponde, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Mama mmoja mchuma chai akaingia, akaninyooshea kifundo cha mkono. Vijana, maana ya salamu hiyo mnaijua: mikono yangu si safi, shika hapa. Nikashika, nikamwonyesha benchi, nikarudi kupanga chupa zangu. Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, alikuwa akinitazama juu ya miwani.

"Salamu umemaliza," aliniambia. "Sasa mwombe kiganja."

Nikamwomba. Katikati ya kiganja palikuwa na jeraha, amelijaza majivu ya jikoni na kulifumbia ngumi. Mama alicheka kwa aibu, nami niliona haya kuliko yeye.

Kazi ya kutibu mikono yenye majeraha nilifundishwa hapo, na wala si ndefu. Unanawa mikono yako kwanza. Unakandamiza jeraha kwa shashi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, dakika kumi bila kufunua, maana ukichungulia tu damu inaanza upya. Damu ikikoma, unaosha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka mpaka uchafu wote utoke, kisha unafunika. Unauliza pia sindano ya pepopunda alichomwa lini.

"Dakika kumi ni nyingi kwa mtu mwenye maumivu," Mganga Mfawidhi alikuwa akisema. "Mwulize habari za watoto."

Baadaye nikahamishiwa Zirai, chini ya Muuguzi Mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Kila asubuhi alinipa kidole chake mwenyewe nikifunge, kisha akabonyeza ukucha kuona kama wekundu unarudi haraka.

"Umekinyonga!" alipiga kelele mpaka wagonjwa wakacheka. "Fungua, anza tena."

Nilikinyonga kidole kile miezi miwili. Miaka yote baadaye, nikimfunga mtu plasta, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye ukucha.

Nilipomaliza utumishi nilirudi Lushoto kulima viazi na plamu, nikidhani nimepumzika. Haukupita muda, kikundi cha waongozaji wanaopandisha wageni miambani kikanifuata shambani. Mkuu wa Waongozaji, mtu mrefu asiyecheka kabla ya chai, alinikabidhi mkoba wa huduma ya kwanza na kunikalisha chini ya mwamba. Nikawa nimeajiriwa tena, uzeeni.

Mwamba haukati kama kisu, unamenya. Ngozi ya vidole inachubuka na kubaki ikining'inia, na vijana wanaiita ganda, kama la kiazi. Nilikuta wakiligandisha kwa chaki, ule unga mweupe wanaopaka mikono isiteleze kwa jasho. Nikamkumbuka mama wa Mponde na majivu yake. Niliwafundisha kuosha, kulilaza ganda taratibu mahali pake, kufunika kwa shashi na plasta ya kitambaa, na kushuka chini. Hapo kwenye kushuka ndipo tulipogombana.

Zubeda alikuwa mwongozaji hodari kuliko wote, binti wa jirani yangu, na mimi aliniita babu. Alitaka kuwa kiongozi wa kamba, yule anayetangulia juu na kufunga kamba ambayo wenzake wote wataitegemea. Katika kikundi chetu hapakuwa na mwanamke aliyewahi kufika hapo. Jaribio lake lilipangwa Jumamosi, na Mkuu wa Waongozaji hakumruhusu mtu mwenye jeraha kugusa kamba.

Alhamisi alinijia akininyooshea kifundo cha mkono.

"Shikamoo babu. Samahani, nina chaki."

"Marahaba, mwanangu."

Nikashika kifundo, nikamtania kuhusu viatu vyake vilivyotoboka, akaenda zake. Miaka yote ile ya kazi, na nilisahau somo la siku ya kwanza. Au sikusahau. Nilimpenda mtoto yule, nikataka Jumamosi yake ifike salama.

Jumamosi asubuhi akanipa kifundo tena. Mikono ilikuwa mikavu, hata chaki hajapaka.

"Zubeda, nipe kiganja."

"Babu, ni mkwaruzo tu."

"Nipe."

Akanipa. Chini ya kidole cha pete palikuwa na mkato mdogo, umefunga vizuri, hata damu hakuna. Kijiwe chenye makali kilimchanja siku ile ya Alhamisi. Nilimshikia kidole sehemu ya katikati, nikamwambia akunje ncha. Vidole vingine vilitii. Kile kilibaki kimenyooka. Niliijua maana yake: kano, ule uzi unaovuta kidole, ulikuwa umekatika chini ya ngozi.

"Leo hupandi," nikasema. "Unakwenda hospitali sasa hivi."

"Babu, usiwaambie. Nakuomba. Leo tu."

Nikamwita Mkuu wa Waongozaji. Zubeda alinitazama kama mtu aliyemwuza, akaondoka bila kuaga.

Daktari aliuunga uzi ule. Alisema tungesubiri zaidi kidole kingeweza kubaki hivyo daima. Mimi nilihesabu siku zile mbili nilizompotezea, nikaumia. Zubeda hakunisalimia miezi mingi. Akinikuta sokoni, anainama kwenye mafungu ya kabichi kama anayatafutia dosari.

Msimu uliofuata alipanda, akatangulia, akafunga kamba. Niliangalia kutoka chini na mkoba wangu mapajani, nikalia hadharani, mzee mzima. Alishuka, akapita mbele yangu kwenda kusalimia wenzake.

Muda mfupi baadaye niliacha kazi. Niliwaambia magoti yamechoka, wakaamini, maana magoti ya mzee hayana wa kuyabishia.

Juzi Zubeda alikuja nyumbani, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya hospitali. Alinikuta natoka kuchimba viazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Nina udongo," nikasema, nikamnyooshea kifundo cha mkono.

Hakukishika. Alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Babu, nipe kiganja."

Nilisita. Halafu nikampa, na mkono ukaanza kutetemeka mbele yake, kama unavyotetemeka siku hizi kila nikishika kitu chepesi kama shashi. Hiyo ndiyo sababu niliacha. Magoti yangu ni mazima.

Aliuweka mkono wangu katikati ya viganja vyake viwili, udongo na vyote, na kile kidole cha pete kikajikunja pamoja na vingine.

"Wajukuu zako hawajambo?" akauliza.

Nikaanza kumweleza, mmoja baada ya mwingine. Hakuachia mpaka nilipomaliza.