Simu Iliyofika Polisi Ikiwa Safi

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la kituo kimoja cha polisi Mbeya, nimekwenda kuripoti ujumbe wa vitisho ulioingia kwenye simu yangu. Mbele yangu mama wa makamo alikuwa anamweleza askari wa kaunta kwamba kuna mtu ameingilia simu yake, akamtukana mchungaji kwenye kundi la kwaya la mtandaoni kwa kutumia jina la mama huyo. Kwaya imeshamsimamisha.

"Simu umekuja nayo, mama?" askari akauliza.

Akafungua kitenge, akatoa leso, ndani ya leso simu. Akaikabidhi kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Askari akaiwasha, akapekua, akakunja uso.

"Mbona haina kitu?"

"Nimepita kwanza kwa fundi pale Mwanjelwa, akafuta vyote. Ningekuleteaje matusi ofisini, baba?"

Askari akashika kichwa. "Mama, hayo matusi ndiyo ushahidi! Na kufuta ushahidi ni kosa."

Mama akatugeukia sisi wa benchi. "Aliyeharibiwa jina mimi, mkosaji tena mimi?"

Mtu amelelewa kufagia uwanja kabla mgeni hajafika. Nani alimwambia kwamba mgeni huyu anakuja kutazama takataka?

Zamu yangu ikafika. Askari akaniomba nimwonyeshe huo ujumbe wa vitisho. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimeufuta asubuhi, mke wangu asije akaushtukia.

Nikamwambia nimepita kusalimia tu.