Dungu Langu Halikuwa Sampuli

Siku yangu ya kwanza makumbusho nilikabidhiwa burashi laini na kiboko aliyekaushwa. Kazi ilikuwa kumpangusa vumbi toka pua hadi mkia. Mhifadhi Mkuu alinitazama nikipanda ngazi, akasema, "Wanawake hawadumu humu. Harufu ya dawa ya ngozi itakushinda." Nikadumu. Yeye alistaafu akaniacha.

Nilipanda hadi kuwa fundi wa mandhari. Mandhari kwetu ni kile chumba cha kioo ambamo wanyama waliokaushwa husimamishwa kama wako porini. Nilipopewa mandhari ya bonde la Rufiji, niliweka mamba, ndege, na nguruwe pori aliyeshtuka mpungani. Nyuma yake nikajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo wanamolala wakulima wetu kulinda mpunga. Nguzo nilizileta kutoka kwetu Ruaruke. Mimi mwenyewe nilizaliwa dunguni, mpunga ukikaribia kuiva.

Mkurugenzi mpya akaja kukagua kabla ya ufunguzi.

"Mama, hicho kibanda kiondoke. Hii ni historia ya asili. Mambo ya watu yana jumba lake."

"Asili yako wapi, Mkurugenzi?"

"Iringa. Kwa nini?"

"Yangu imo humo dunguni. Nikilitoa, huyo nguruwe kashtushwa na nani?"

Hakucheka. "Kesho nisilikute."

Kesho yake akalikuta. Wahudumu wakalibomoa, nami nikahamishiwa stoo, kutunza sampuli, yaani wanyama na mifupa isiyoonyeshwa. Nililia, siwafichi. Kisha nikazitia zile nguzo dawa ya mchwa, nikazipanga kando ya mafuvu ya nyati. Kila mkurugenzi aliyekuja nilimwomba dungu lirudi, kila mmoja alikataa. Wenzangu wakaniita Mama Dungu kwa kejeli, na mimi nikaitika. Mwacha asili ni mtumwa, na kazi ya utumwa sikuiomba.

Nilipostaafu, siku ya kuniaga waliniuliza nataka zawadi gani. Nikasema, nipeni nguzo zangu. Kwa kuwa kwao hazikuwa sampuli, zilitoka getini bila swali.

Leo dungu limesimama shambani kwangu Ruaruke. Walimu wa Ikwiriri huniletea wanafunzi wanaouliza makumbusho yakoje. Nawaambia wapande, washike, wakae, hapa hakuna kioo. Juzi nilipowasimulia habari ya ile mandhari, binti mmoja akaniuliza, "Bibi, na nguruwe yuko wapi?"

"Huyo hatukumkausha," nikamwambia. "Anakuja mwenyewe."