Uvundo Ndani ya Yasmini

Nakumbuka jioni niliyotupa harufu ya yasmini ya cucu, nyanya yangu, nikiamini imechafuliwa na vichinjio vya Dagoretti. Hilo ndilo kosa langu la mapema katika kazi hii, na hadi leo kulisimulia kunanichosha. Mwanangu, wewe unayeianza kazi hii sasa, usicheke nikikuita hivyo bila mvi kichwani. Nina jina la babu, na kwetu mwenye jina la babu husikilizwa kidogo.

Cucu alikuwa anahama. Shamba lilikuwa limeuzwa, yasmini iliyotambaa ukutani ingekatwa, na vipandikizi alivyojaribu kuotesha kwa binti yake, mtaa wa Woodley, vilikauka vyote. Akaniomba kitu kimoja tu: nimwekee harufu yake chupani.

Kazi hii nilijifunza peke yangu, kwa kusoma na kuharibu. Unafunika maua kwa mfuko yakiwa bado kwenye mmea, pampu ndogo inavuta hewa kupitia kijibomba chenye unga unaonasa harufu. Maabarani, mashine huitenganisha harufu hiyo, kila kampaundi, yaani kila kemikali inayoiunda, na kilele chake kwenye grafu. Ukishazijua, unazichanganya upya.

Kila mara kilele kimoja kilinikera: indoli. Nikasoma kwamba hupatikana kwenye kinyesi na mizoga. Nikatazama upepo unakotoka, nikaviona vichinjio, nikahukumu. Nikatupa. Nikanawa mikono hadi ikachubuka, nikarudia kuvuta hewa asubuhi, nikarudia baada ya mvua. Indoli ilikuwepo.

Fundi wa maabara, aliyenisaidia kwa huruma tu, akachoka. "Bana, umerudi tena? Hii yasmini ilikukosea nini?"

Sikumuuliza kitu. Niliogopa asije akajua kwamba sikuisomea kazi hii. Niliendelea kuchagua na kutupa, na mchagua nazi hupata koroma, mwanangu.

Mwishowe nikachanganya kila kitu isipokuwa indoli, nikampelekea cucu kule Woodley alikohamia. Wakati huo yasmini ilikuwa imeshakatwa. Alinusa, akaniita kama alivyokuwa akimwita mumewe.

"Mzee wangu, hii ni sabuni."

"Ni yasmini safi, cucu."

"Safi ni safi. Lakini yangu ilikuwa na kauvundo kidogo, kama nguo ya mtoto mchanga. Hapo ndipo nilipokuwa naijulia."

Nikarudi kwa fundi, safari hii nikauliza. Akaniambia bila kunicheka kwamba indoli hutoka kwenye ua lenyewe. Lakini vipimo vyake nilikuwa nimevitupa pamoja na sampuli, na mmea haukuwepo tena wa kupima. Ikabidi tukisie, cucu na mimi, tone kwa tone.

"Ongeza. Ongeza. Aa, sasa umeleta choo."

Tukaanza tena, mpaka akasema, "Iko karibu." Karibu, si yenyewe. Chupa iko kando ya kitanda chake, naye hajalalamika, na hilo ndilo huniuma.

Wazee husema ukipenda boga, penda na ua lake. Basi mwanangu, usikitupe kinachokuaibisha kabla hujajua kimetoka wapi. Uliza ungali na cha kuonyesha. Aibu ya kuuliza hupita. Cha kupima kikishatupwa, hakirudi. Mungu akupe mkono mtulivu, na mtu wa kukwambia ukweli bila kukuvunja.

Mimi bado nina wasiwasi, na bado narudia kazi kupita kiasi. Ila siku hizi situpi sampuli kabla sijamuuliza mtu.