Rangi Nyeupe Aliyoitaka Mama Mkwe

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka moyo unanipasuka kana kwamba bado nimesimama palepale na kitambaa kibichi mkononi. Imenirudia sasa hivi, ulipokuwa ukinionyesha kwenye simu yako picha za mabafu, yote ya kijivu kilichokolea au meusi kabisa, ukiniuliza ni rangi ipi itafaa bafu lako dogo. Nimenyamaza ukadhani nimechoka. Sijachoka. Kaa hapa karibu nikusimulie, na simu uiweke chini kwanza.

Nilikuwa nimeolewa hapahapa Kamembe, kwa Saidi, muuza vitenge. Alfajiri alikuwa akivuka mpaka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, na mizigo yake, jioni anarudi. Nyumbani tulikaa watu wanne tu: yeye, mimi, binti yetu Zuhura aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na mama yake Saidi. Mama yule alikuwa mjane wa siku nyingi, mfupi, mkavu, mwenye maneno machache kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Nyumba ilikuwa yake. Sote tulimwita Maman, mpaka majirani.

Bafu lilikuwa kichumba nyuma ya nyumba. Ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na ukuta kule. Kuta zilikuwa tofali tupu, zimekuwa nyeusi kwa ukungu, na sakafu imepasuka. Mwaka ule vitenge viliuzwa vizuri, Saidi akasema bafu litengenezwe. Akaja Fundi Bahati, kijana wa Bukavu mwenye mikono mizuri, akapiga lipu, akamwaga sakafu mpya, akafunga bomba jipya. Ikabaki rangi tu. Usicheke, mwanangu. Siku hizo mtu kuwa na bafu la kupakwa rangi ya mafuta lilikuwa jambo la kuita wageni.

Mimi nilitaka nyekundu ya tofali. Na sababu yangu ilikuwa nzuri, maana msuguaji ni mimi. Watu wanaingia na matope ya miguuni, na sabuni, na mafuta ya nywele, na nyekundu inameza vyote. Fundi akanipakia kipande nyuma ya mlango nikione. Nilikipenda mpaka nikapiga makofi.

Maman akaja kukitazama. Kisha akamgeukia fundi.

"Hapana. Munipakiye blanc." Yaani nyeupe.

"Maman, blanc itachafuka siku moja tu," nikamwambia. "Batu bote banaoga mule. Nani atasugua?"

"Wewe. Na ukichoka, mi nitasugua."

"Lakini juu ya nini blanc?"

"Juu nimesema."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza sababu ni kama umeuliza mlango. Mimi nilikuwa na hasira za karibu, nikawa tayari kuondoka pale nikalie chumbani, lakini Saidi akaingilia kati. Saidi, mwanangu! Mtu ambaye hakuwahi kumpinga mama yake hata kwenye chumvi ya mboga. Akakohoa kidogo akasema, "Maman, wacha bapake rouge. Rouge iko muzuri."

Nilitamani kupiga vigelegele. Siku ya pili nilikwenda sokoni nikamsimulia dada yangu kwamba mume wangu amesimama mbele ya mama yake kwa ajili yangu. Nilijivuna, nikatembea nimeinua shingo, nikampikia Saidi samaki ambao hatukuwa tumepanga kuwala. Nilijua sasa kwamba napendwa.

Maman hakubishana naye. Alichukua ndoo, akaigeuza kwenye mlango wa bafu, akaikalia. Fundi akija na nyekundu, haondoki. Fundi Bahati akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, mi nafuata muntu mwenye nyumba." Akaenda kuleta nyeupe. Ilipakwa mara mbili, kona hadi kona, chini ya bomba, mpaka nyuma ya mlango ambapo nyekundu yangu ilikuwa imeng'aa. Maman alisimamia yote, na pale ambapo brashi haikufika vizuri, alionyesha kwa kidole. Nilimnunia siku nyingi. Saidi naye nilimwona amepoteza furaha, nikazidi kumpenda, nikidhani anaumia kwa sababu yangu.

Sasa ndiyo inakuja asubuhi yenyewe. Saidi alikuwa ameshaondoka kwenda mpakani. Nikaingia bafuni na sabuni na kitambaa, na nitakwambia ukweli, niliingia natafuta uchafu. Nilitaka nikipata doa nimwite Maman nimwonyeshe blanc yake. Na nikalipata. Ukutani, pembeni ya bomba, usawa wa kiuno, kulikuwa na vitone vidogo vyekundu vimerushwa kama mtu amekung'uta brashi. Mwanangu, nilifurahi! Nilisema moyoni, ni nyekundu ya fundi, ameimwaga asiiondoe vizuri. Nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia Maman. Nikalowesha kitambaa nikasugua.

Vikatoka.

Rangi ya mafuta ikishakauka haitoki kwa maji. Hilo nilikuwa nimelijua kutoka kwa fundi mwenyewe. Nikakigeuza kitambaa kwenye mwanga wa dirisha, nikaona ni kahawia yenye wekundu. Ilikuwa damu. Haikuwa damu yangu. Sikuwa katika siku zangu, na isitoshe, damu ya mwanamke hairuki ukutani usawa ule. Ule ulikuwa usawa wa mdomo wa mtu mrefu aliyeinama.

Na hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Kila alfajiri Saidi alipokwenda kutawadha alifungua bomba mpaka mwisho, maji yanapiga sakafu kwa kelele, yanamwagika na kumwagika, na mimi kitandani najisemea kwamba mume wangu anapenda maji. Na chini ya ile kelele ya maji kulikuwa na kikohozi. Nilikuwa nakisikia siku zote. Nilikuwa nakisikia, mwanangu, na sikuwahi kukisikiliza.

Nikamwita Maman. Sauti ilinitoka vibaya, akaja mbio na kilemba hakijafungwa. Nikamwonyesha kitambaa, nikamwonyesha vitone vilivyobaki. Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

"Ni kifua kikuu," akasema. "Baba yake alianza vile vile."

Nikashtuka mara ya pili, na huu mshtuko ulikuwa na hasira ndani yake. Mimi niliambiwa baba mkwe alikufa kwa homa. Ukoo mzima ulisema homa. Maman akanieleza pale chini, taratibu, kwamba haikuwa homa. Wakati ule walikuwa wanaogea kwenye kibanda cha kuta nyeusi, na yule mzee alikuwa akienda kukohoa humo na kuimwagia damu maji. Maman alikuja kujua siku ambayo mumewe alishindwa kuinua ndoo. Alipokufa, wakubwa wa ukoo wakamwambia aseme ni homa, ili watoto wake wapate wa kuwaoa.

"Kumbe ulijua Saidi ni mugonjwa!" nikampigia kelele. Nilimpigia kelele mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Sikujua. Nilikuwa naogopa tu. Tangu alikuwa mutoto, niko naogopa."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

Akaninyanyulia macho. "Ningekuambia, ungekubali kuolewa kwetu?"

Swali hilo mpaka leo sijalijibu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Tulimsubiri Saidi wawili sebuleni kama watu waliokaa na maiti. Jioni akaingia, akatua mzigo, akamwita Zuhura kama kawaida yake. Mtoto akatambaa mbio mpaka miguuni kwake, akamwinua, akamlaza kifuani. Kila jioni alikuwa akifanya hivyo. Mtoto alizoea kulala pale, pua yake shingoni mwa baba yake.

Maman akaweka kitambaa mezani mbele yake.

Saidi akakitazama. "Ni meno," akasema. "Meno inanitoka damu."

"Saidi," Maman akasema. Jina tu.

Basi mume wangu mrefu yule akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. "Nilijua mutaniondolea mutoto," akasema. "Nilijua tu. Mukijua, mutaniondolea mutoto."

Na ndicho nilichofanya. Nilinyoosha mikono nikamchukua Zuhura. Mtoto akalia, akang'ang'ania shati la baba yake, na ni Saidi mwenyewe aliyembandua vidole, kimoja kimoja, akinisaidia. Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika ndugu, nimeona mengi katika nchi hii ambayo sitaki kukusimulia. Lakini vile vidole vidogo vikibanduliwa bado vinanitoa machozi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka nyekundu. Ile siku niliyotamani kupiga vigelegele, ile niliyomsimulia dada yangu sokoni, haikuwa ya kunipenda mimi. Alikuwa anatafuta ukuta wa kujifichia, na mimi nilikuwa nimemchagulia mzuri kuliko wote.

Kesho yake tulikwenda hospitali sote wanne. Daktari alitukemea kwa kuchelewa, lakini akasema dawa ipo. Saidi alimeza vidonge kwa miezi mingi, na Maman alikuwa akisimama mbele yake kila asubuhi mpaka ameze, kisha anamwambia afungue mdomo aone. Zuhura naye alipimwa, na ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumgusa. Tulimsagia dawa kwenye uji. Mtoto akakua, akanenepa, akawa mtundu. Saidi akapona, akarudi kwenye vitenge vyake, akawaona wajukuu. Baadhi ya wateja walikuwa wamehama, wengine hawakuhama, ndivyo watu walivyo. Siku ambayo daktari alisema sasa anaweza kumbeba mtoto, Zuhura alikuwa ameshakisahau kifua cha baba yake. Akamkimbia, akajificha kwenye kanga yangu. Saidi akacheka mbele ya watu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko.

Basi sikiliza nasaha yangu. Bafu lako lipake rangi nyepesi. Iwe nyeupe, au krimu, au ile ya maziwa, lakini mwanga uingie, na iwe rangi ya mafuta, na nyuma ya mlango usipasahau. Itakuchosha kusugua. Sugua. Bafu ndicho chumba pekee ambacho kila mtu wa nyumba anaingia peke yake na kufunga. Tumbo la mtoto likiharibika, mimba ikianza kutishia kutoka, mzee akianza kukojoa vibaya, pale ndipo pa kwanza kuonekana. Usimpe ugonjwa mahali pa kukaa bila kujulikana. Hao wanaokuonyesha mabafu meusi wanauza picha.

Lakini usinyanyuke, sijamaliza. Rangi siyo iliyonishtua kuliko yote. Kilichonishtua ni kwamba tulikuwa watu wazima watatu ndani ya nyumba moja, kila mtu na hofu yake chini ya mkeka, na ukuta ndio uliosema kwanza. Maman alikuwa na haki kuhusu nyeupe, nitamwambia hivyo hata tukikutana akhera. Lakini alikosea kunipa rangi akaninyima sababu. Angeniambia, ningeishika brashi mwenyewe, na masikio yangu yangekuwa macho alfajiri zile. Kwa hiyo wewe, ukiwaambia watoto wako jambo, waambie na sababu yake, hata kama inakuaibisha. Na mumeo akikubaliana nawe haraka kuliko kawaida yake, usikimbilie kufurahi. Muulize.

Na akikwambia, mwanangu, hapa ndipo ninapotaka unisikie. Mimi nilimchukua mtoto kutoka kifuani kwake. Ilibidi, na leo ningefanya tena. Ila nilimchukua kimya, nikageuka, nikafunga mlango wa chumba. Sikumwambia kwamba ni kwa muda. Alikaa miezi yote ile akiamini amemkosa kabisa, na mimi nikidhani anajua. Neno moja tu lilitosha, na nilikuwa nalo mdomoni.

Mungu akujalie nyumba yenye mwanga na watu wenye afya. Na mmoja wenu akiugua, Mungu akupe uso ambao mgonjwa haogopi kuutazama akisema. Amina.