Pini Mbili na Mikono ya Wifi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnadhani wivu ni wa wanawake wawili wanaogombania mwanamume. Mimi niliona wivu juu ya pini. Pini mbili za chuma, ndogo, urefu wake haupiti ukucha wa kidole cha mwisho. Na nilimwonea wivu wifi yangu, dada ya bwana yangu, kwa sababu ndiye aliyepewa kuzishika. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo nitasema vile ilikuwa na sitapamba.

Ilikuwa miaka ya sabini, upande wa Kyuso. Kiangazi kikiwa kikali, wezi wa mifugo walikuwa wanakuja, na ng'ombe wetu walikuwa wamechukuliwa mara moja tayari. Wanaume wachache wakachaguliwa kuwa askari wa akiba, na bwana yangu akawa mmoja. Akapewa bunduki ya zamani, mbao yake imepasuka kidogo. Siku ya kuwapa, sajini wa kituo, mtu wa pwani, aliwaambia, "Kila wiki fungueni bunduki, muipanguse. Vumbi la huku litaila." Akawaambia pia kwamba bunduki ikikutwa mbovu siku ya ukaguzi, inarudi kituoni na mwenyewe anarudi kuwa raia.

Bwana yangu alikuja nyumbani na neno hilo kama mtu aliyebeba yai. Kufungua. Kwetu ukiambiwa ufungue mzigo, unafungua mpaka kamba ya mwisho. Basi kila Jumamosi baada ya chai ya saa nne alitandika gunia uani, akachukua nyundo na msumari aliokuwa ameukata ncha, akagonga. Pini ya kwanza inatoka, pini ya pili inatoka, triga, kile chuma cha kuvutwa na kidole zilichokuwa zinakishika, inabaki mkononi kama jino la ng'ombe. Anapangusa kila kitu, halafu anagonga tena kurudisha.

Pini zikitoka mtu lazima azishike, maana kuku wetu walikuwa wanadonoa chochote kinachong'aa. Nilikaa pale siku ya kwanza, nikanyoosha mkono. Bwana yangu akaniangalia kiganja.

"Mama watoto, mkono wako umezoea jembe," akasema. "Hiki kitu ni kidogo. Mwite dada."

Wifi alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa kumshinda. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, alifundisha watoto kanisani, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kama vya mtu asiyejua palizi ya ndengu. Alikaa kwenye gunia, akazishika pini kwenye kiganja, na wakaanza kuzungumza na ndugu yake mambo ya utotoni kwao, ambayo mimi siyajui. Walicheka. Mimi nilikuwa mke wake kwa miaka kumi na moja na nilikuwa sijawahi kusikia hadithi hata moja ya hizo.

"Wifi, tuletee chai," huyo wifi yangu akaniita. "Lakini tembea polepole, usitikise ardhi, pini zitaruka."

Ndugu yake akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Nikawaletea chai. Sukari sikutia. Walikunywa hivyo hivyo na hawakusema kitu, wakaendelea kucheka.

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, zaidi ya mwaka mzima. Halafu pini moja ikaanza kulegea. Mara ya kwanza ilitoka bila kugongwa sana. Baadaye ilitoka kwa kusukumwa na kidole. Asubuhi moja bwana yangu aliinua bunduki ukutani na pini ikaanguka yenyewe kwenye mavumbi, tukaitafuta sote kwa magoti mpaka wifi akaiona. Mwanamume akakaa kwenye kigoda na kushika kichwa. Ukaguzi ulikuwa siku tatu mbele. Bunduki ikichukuliwa, zizi letu na mazizi ya majirani yanabaki na mbwa peke yao.

Hapo ndipo mimi nilipoona nafasi yangu. Baba yangu alikuwa fundi wa mishale. Nilikuwa nimemwona tangu utoto akichemsha ulimbo wa mti mpaka unakuwa mweusi na mzito, anachovya shina la chuma cha mshale, anaingiza kwenye ufito, na kikishakauka hata wewe ukivuta kwa meno hakitoki. Nilijua kazi hiyo. Huyo wa darasa la saba hakuijua. Nikasema moyoni, siku ya ukaguzi bwana yangu ataniuliza nani aliyeshikisha pini hii, na mimi nitasema ni huyu mwenye mkono wa jembe.

Bwana yangu alipoenda kunywesha mbuzi na wifi akiwa kanisani, nilichemsha ulimbo wangu kwenye kopo, nikapaka pini zote mbili, nikaziingiza kwenye matundu yake. Zikashika kabisa. Bwana yangu aliporudi alizigusa, zikakataa kusogea. Akasema, "Dada amezibana vizuri." Nilinyamaza, nikingoja siku yangu.

Siku ya ukaguzi askari wa akiba walisimama kituoni juani kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Mnajua jua la Kyuso. Chuma kikapata moto, ulimbo ukayeyuka, ukateremka ndani ya triga pamoja na vumbi. Sajini alipoichukua akaivuta bila risasi, triga ikaenda nyuma na ikakaa huko. Akavuta tena, wapi. Akamwambia bwana yangu mbele ya wenzake, "Wewe umeleta bunduki au mtego wa ndege?" Bunduki ikabaki kituoni.

Bwana yangu akarudi mikono mitupu. Hakuniangalia hata kidogo. Akamwendea dada yake.

"Wewe ndiye ulikuwa unazishika. Ulitia nini?"

"Mimi sijatia kitu, kaka."

"Basi ni kuku ametia?"

Wifi akaniangalia. Sijui kama alijua. Mimi niligeuka nikapakua muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Alikataa kula, akaingia ndani na nikamsikia anakunja nguo zake. Alikuwa hana pa kwenda. Kwa mume hawezi kurudi, na mama yao alikuwa ameshakufa. Na mimi, nasema ukweli, nilikula sahani yangu ikaisha. Nilifurahi vile ninavyofurahi mvua ikinyesha kwangu ikamruka jirani. Kisha nikatazama sahani ya pili, ile yake, nzi wametua juu yake.

Nikasimama nikamwambia bwana yangu, "Ni mimi. Nilitia ulimbo wa mishale."

Akafunika sahani ya dada yake. Halafu akasema, "Kesho utakuja uyaseme hayo kituoni kwa mdomo wako."

Nilienda. Nikamweleza sajini yote, hata Jumamosi zote za kugonga, na nilizijua, maana mtu mwenye wivu hasahau siku. Yule mzee wa pwani akaniangalia, akamgeukia bwana yangu.

"Kila wiki mlikuwa mnatoa pini?"

"Ulisema tufungue, afande."

"Nilisema mfungue, sikusema mkongoe! Kufungua ni kuvuta komeo nyuma na kupangusa ndani. Pini haitolewi mpaka iwe na ugonjwa. Kila ukigonga, tundu linapanuka na pini inakonda."

Neno hilo, kukongoa, nilikuwa sijalisikia. Ni kusambaratisha kitu vipande vipande. Kwa neno moja, kufungua, tulikuwa tumeila bunduki ya serikali mwaka mzima.

Sajini alisafisha ulimbo kwa mafuta ya taa. Akaweka pini mpya, nene kidogo kuliko ya zamani, akaigonga kwa kipande cha shaba kwa sababu chuma kwa chuma vinaumizana. Halafu akagonga ukingo wa tundu mara mbili, kidogo tu, chuma kikabana pini. Mwisho akachora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye kichwa cha pini mpaka kwenye bunduki. "Mstari ukikatika, pini imesogea, niletee. Usipokatika, usiguse. Na mafuta ni tone moja, kisha ufute. Mafuta mengi yanashika vumbi, na hayo ni msasa." Akamrudishia bwana yangu bunduki, akaniambia mimi, "Mama, ulimbo wako ni mzuri sana kwa mishale."

Nilipofika nyumbani wifi alikuwa amekaa mlangoni na kikapu chake kimefungwa. Sikumwomba msamaha kwa maneno mengi, sijui kufanya hivyo. Nilichukua kikapu nikakirudisha ndani. Wivu haukuniisha, bado walikuwa wakicheka mambo yao na bado ulinichoma. Lakini nilimwita bwana yangu, nikamwita wifi, nikawaita watoto wote, nikasimama karibu na moto na nikasema: "Kuanzia leo, katika boma hili, aliyeharibu kitu atasema kabla chakula hakijapakuliwa. Na mtu akiwa hajala kwa kosa lisilo lake, hakuna atakayekula."