Mkanda wa Bibi

"Mkanda hauna ubovu, mama. Unafanya kazi vizuri tu."

"Unafanya kazi? Msikiti mzima umetugeukia, halafu unaniambia unafanya kazi!"

Bibi alianguka shambani Mpapura msimu wa korosho, akalala palepale mpaka wapita njia walipomkuta. Tulipomleta kwetu Mtwara mjini nikamtengenezea mkanda wa lastiki wa kiunoni. Ndani yake nilishonea kifaa kidogo kama kifungo cha koti, cha bei ya chini, kinachohisi mwili unavyokwenda. Akishuka ghafla na mwili ukalala, kinaiambia simu iliyo kwenye kipochi cha Bibi, na simu inapiga kelele kwa sauti yangu niliyoirekodi: "Bibi ameanguka! Msaidieni!"

Niliujaribu mwenyewe. Nilijitupa kitandani, kwenye mkeka, kwenye mchanga, simu ikapiga kelele. Nikainama kufagia, ikanyamaza. Basi, nikasema tayari. Haraka zangu hizi! Siku zile nilikuwa kwenye siku zangu, siswali, na habari ya kusujudu haikunijia kabisa. Mimi niliyesoma madrasa tangu mdogo!

Ijumaa iliyofuata nilimvalisha Bibi kwa mara ya kwanza, tukaenda msikitini; upande wa wanawake, watu wamesujudu, kimya, ndipo sauti yangu ikalipuka. Mama mmoja akakata swala akaanza kumvuta Bibi mkono. Nyuma wasichana wakashindwa kuzuia kicheko. Bibi mwenyewe akaendelea kuswali.

"Mke mwenzangu," akanitania njiani, "leo umeniua mbele za watu."

Nilicheka, nikajua yameisha.

Jana nikamkuta anaswali alasiri amekaa kwenye kiti. Mama akasema ni magoti, hata majirani Bibi amewaambia hivyo. Nikasubiri atoe salamu.

"Bibi, magoti yana nini?"

"Hayana kitu. Nikisujudu dude lako litalia tena, watu wakucheke. Umelihangaikia sana."

Nilimfungua mkanda hapohapo. Angenigombeza ningepata nafuu. Bibi mzima wa miguu anaswali kwenye kiti ili mimi nisichekwe! Usiku sikuweza hata kumtazama usoni.

Kesho alfajiri nitauvaa mimi. Nitaswali pembeni yake, simu ikirekodi kila tunavyorukuu na kusujudu, na sitamvalisha tena mpaka ijue kutofautisha kusujudu na kuanguka. Kile kiti nitakitoa chumbani kwake kabla hajaamka.