Mtende Haunyweshwi kwa Ndoo

Mimi nimezaliwa mji wa reli, bara, mahali pakavu pa watu wa kupita. Maji yetu yalikuwa ya treni. Palikuwa na tangi kubwa la chuma stesheni. Injini ikifika inakunywa kwanza, ikishashiba mkuu wa stesheni anafungua bomba la chini na sisi tunapanga ndoo. Mwenye ndoo ya mbele ndiye mwenye maji. Sheria niliyoijua ni hiyo. Chuoni nilihitimu Kurani, skuli niliishia darasa la tatu, na hili la ndoo nilidhani limenitosha maisha.

Nikaolewa Unguja, tukaja Oman, mume wangu akafanya kazi Maskati mpaka akastaafu. Miaka ya tisini akasema turudi Ibra, mji wa kwao. Kurudi ni kwake yeye, mimi Ibra sikuwa naijua. Tukajenga nyumba kando ya shamba alilorithi kwa babaake, nalo lilikuwa vumbi na visiki. Akapanda miche kumi na miwili ya mitende. Shamba lilikuwa na haki yake ya maji ya falaji, nusu saa, kila siku ya nane, kabla ya adhuhuri.

Falaji ni mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka chini ya mlima, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Uwanjani pamesimikwa mti, na chini yake yamepangwa mawe, kila zamu na jiwe lake. Kivuli chake kikigusa jiwe lako, unaondoa lile gogo la matambara na udongo lililoziba mlango wa shamba lako, maji yanaingia. Kikigusa jiwe la mwenzio, unaziba. Watu walikuwa na saa za mkono, na bado wakitazama kivuli.

Kabla hatujaja, nusu saa yetu ilikuwa ikinywesha shamba la wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Yeye aliletwa Ibra kuolewa angali msichana, na Kiswahili chake cha Unguja hakukiacha. Miaka thelathini na kitu maji ya nduguye yalipita kwake. Mume wangu alipoyataka, msimamizi wa falaji alisema ni haki yake, yakaisha. Wifi hakubisha. Mwaka ule mindimu yake ya ukingoni ikakauka. Tukikutana alikuwa akinitazama viatu.

Joto la kwanza lilipoingia, ikifika siku ya tano majani ya miche yanalala. Na maji yanapita ukutani kwangu mchana kutwa. Nikachukua ndoo. Nilikuwa nimeshafika mche wa nne nikamwona wifi amesimama.

"Nashikamoo, wifi."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Namwagia miche."

"Kwa ndoo."

"Maji si yanapita mlangoni kwangu?"

"Yanapita mlangoni kwa kila mtu. Ya kunywa chota, ya kupikia chota, ya kuoshea maiti chota. Ya mti yana mwenyewe, na saa hii mwenyewe ni yule mjane wa kule chini. Mtende haunyweshwi kwa ndoo, wifi. Au huko kwenu bara unapewa na kikombe cha chai?"

Wanawake waliokuwa wakifua walicheka mpaka mmoja akaachia nguo ikachukuliwa na maji. Nilirudisha ndoo mferejini. Mchana nikamweleza mume wangu. Akasema, "Kakwambia kweli," akaendelea kula.

Mwaka wa pili, kabla ya joto, mume wangu alirudi kutoka kufungua maji asubuhi moja, akaketi kibarazani, akafa. Miguu yake ilikuwa na tope. Walipokuja kumchukua, tope lilibaki sakafuni, nikalifagia. Watu walinitazama wakingoja nilie. Sikusikia kitu, si moto wala baridi. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani.

Wanangu walitaka kunichukua Maskati.

"Mama, Ibra una nani?"

"Nina mitende."

"Na nani ataifungulia maji?"

Mkubwa akasema, "Basi eda ikimalizika tutakuja kuitazama. Ikiwa hai utakaa. Ikifa, unakuja kwetu, na usibishe." Nikakubali, wapate kunyamaza. Kama nilitaka kukaa au kuondoka, siku hizo nisingeweza kusema. Nilijua tu kwamba Maskati nitakuwa mgeni kwenye chumba cha mtu.

Siku ya nane nilikaa jikoni nikitazama kivuli cha kizingiti. Kilipofika pale ninapopajua, nikasikia nje gogo linaburutwa, kisha maji. Baada ya nusu saa likarudishwa. Ikawa hivyo kila zamu. Wifi alipokuja kunitazama nikamuuliza:

"Ni wewe unayefungua?"

"Maji ya ndugu yangu."

"Ahsante, wifi."

"Usinishukuru. Kivuli kikigusa jiwe naziba. Sikuongezei hata kopo."

Joto likaingia, na falaji ikapungua. Watu walisema ni pampu za mashamba ya juu. Nilisikia kwa masikio, maji yalikuwa yakiingia kwa kishindo, sasa yanaingia kama mtu anayenong'ona. Nikahesabu kichwani, nusu saa ya maji hayo haipiti mche wa saba. Nikaanza kukunja nguo zangu na kuzitia sandukuni.

Eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa, nikatoka. Mitende saba ya karibu ilikuwa hai, nayo nilitaraji. Nikaenda kwa ile ya mbali. Minne hai, mmoja wa pembeni umekufa. Chini ya ile minne udongo ulikuwa na vishimo vya mviringo. Maji ya mfereji hutandaza udongo, hayachimbi. Mimi nimekulia kwenye ndoo, najua alama yake.

Wifi alitokea upande wa shamba lake, ndoo mkononi, ameinama.

"Mtende haunyweshwi kwa ndoo," nilimwambia.

"Wa mwizi haunyweshwi. Saa hii zamu yangu, mwenyewe ni mimi."

"Na mitende yako?"

"Imekunywa ya kwenu miaka thelathini. Shika huku, mgongo unaniuma."

Nikashika. Tulimwagia mmoja, tukarudi mferejini, tukamwagia mwengine. Kivuli kilipogusa jiwe la mwenziwe akaiweka ndoo chini, ingawa mche mmoja ulikuwa haujapata.

Alhamisi wanangu walikuja na gari. Mkubwa akapita akihesabu kwa kidole, kumi na mmoja. Akaangalia sanduku langu mlangoni.

"Lirudishe ndani," nikamwambia.

Ule uliokufa niliung'oa mwenyewe. Wifi akasema shimo nisilifukie, ana mtoto wa mtende wa aina ya mabsali wa kulitia.